Neno la Kumtoa Doria

Bakuli la bati liliburuzika juu ya saruji, mara moja tu, kisha kimya.

Ghalia alifumbua macho gizani. Nje adhana ya alfajiri ilikuwa inakaribia kwisha, na hii ilikuwa siku ya nne analisikia bakuli lile saa ile ile. Hakuwa na haja ya kuambiwa. Doria, mbwa wao, kaligonga bakuli lake akishuka kibarazani, na sasa hivi keshavuka mawe ya mpaka wa kiwanja.

Alichungulia dirishani. Taa ilikuwa moja tu upande wote ule, ya mnara wa msikiti mpya, hatua kama mia mbili kutoka kwao. Chini ya mwanga wake alimuona mbwa anakwenda. Hakimbii, hanusi chini, hageuki nyuma. Anakwenda kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.

"Kabweka?" Bi Raya, mama mkwe wake, aliuliza kutoka chumba cha pili.

"Hakubweka, Mama."

"Ndiyo ubaya wenyewe huo. Mbwa akisikia adhana hulia. Huyu anakwenda."

Ghalia alijitupia mtandio akatoka kumfuata. Alimkuta pale pale alipomkuta siku zote tatu: mbele ya ngazi za msikiti, pembeni mwa viatu vya watu, mkia umetulia, macho mlangoni. Wanaume wawili waliochelewa walikuwa wamesimama mbali, kanzu wamezipandisha kwa mikono miwili asije akawagusa. Mmoja alisema neno la Kiarabu ambalo Ghalia alijifanya hakulisikia. Akampigia mbwa ulimi, naye akamfuata bila ya ubishi mpaka nyumbani, akaingia ndani ya mawe, akalala mahali pake. Utiifu ule ndio uliomtisha Ghalia. Angelikuwa mbwa mkorofi, angelijua la kumfanya.

Ulikuwa mwaka tisini na saba, na nyumba yao ilikuwa ya mwisho katika mtaa mpya nyuma ya Firq, huko Omani, imeelekea wadi, bonde la mto mkavu lenye mawe na miiba. Ukuta ulikuwa bado. Fundi kaahidi kuujenga likishapita joto. Kwenye ramani ya kiwanja walichopewa, karatasi ambayo kila mtu akiiita kuruki, mpaka ulionekana mstari mweusi ulionyooka. Kwenye ardhi palikuwa na vyuma vinne tu vilivyopakwa rangi nyekundu, kimoja kila pembe. Nadhir, mume wa Ghalia, alikuwa kambini katika mji wa Adam, akirudi Jumatano jioni na kuondoka Ijumaa. Siku zilizobaki nyumbani mlikuwa na Ghalia, Bi Raya, na binti yao Basma wa miaka mitano.

Na ng'ambo ya wadi kulikuwa na wale wengine. Mbwa koko, kumi, siku nyengine kumi na tano, wakikaa nyuma ya jaa ambako watu hutupa matumbo na ngozi. Jua likielekea kuzama huvuka. Wakati wa baridi walikula mbuzi watatu wa jirani, wakaacha kwato. Baadaye walimkamata mtoto mmoja anatoka chuo cha Kurani, wakamtafuna mguu mpaka mfupa ukaonekana. Tangu hapo Ghalia alikuwa hamuachi Basma atoke hata kufika kwenye kamba ya nguo.

Doria ndiye aliyewafungulia mlango. Nadhir alimtoa gereji moja Firq, alikokuwa akilinda vyuma chakavu, kafungwa shingoni kwa waya wa umeme. Waya ulikuwa umeingia nyamani. Kidonda kilipona, lakini mbwa akawa hawezi tena kuguswa shingo. Ukimtia kamba, ukimtia hata kitambaa, hupiga ukelele kama wa mtu na kujing'ata mpaka damu. Kumfungia chumbani ndiyo usiseme: walijaribu siku moja kwenye stoo ya mkaa, wakamtoa kucha zimeng'oka. Lakini akiwa huru alisimama ukingoni mwa kiwanja, mkubwa, wa rangi ya vumbi, na wale wa ng'ambo wakifika katikati ya wadi husita, wakamtazama, wakarudi. Basma akaanza tena kucheza nje.

Kisha likabandikwa tangazo mlangoni mwa duka. Kwa sababu ya yule mtoto aliyeliwa mguu, mbwa yeyote atakayekutwa nje ya kiwanja cha wenyewe atapigwa risasi, na haitaulizwa ni wa nani. Aliye ndani ya kiwanja ataachwa.

Basi Ghalia akaamua kumjengea ukuta kichwani mwake.

Alipanga mawe meupe kutoka chuma hadi chuma, na kila hatua tatu akachomeka kijiti chenye kipande cha khanga kuukuu ili mbwa aone vizuri. Miezi miwili, asubuhi na jioni, alizunguka naye mawe yale. Mguu ukitaka kuvuka, humuwekea kiganja mbele ya pua na kusema "Kaa." Akirudi nyuma, kipande cha ngozi ya kuku. Baadaye aliviondoa vijiti kimoja kimoja. Akavuka yeye mwenyewe na kumuacha ndani. Akamtuma Basma arushe mpira nje. Akapitisha mbuzi wa jirani. Doria alitetemeka, alilia puani, lakini alikaa.

Ila mbwa ana haja zake, na Bi Raya hakutaka kuziona kwenye kiwanja anachoanikia nguo zake za kusalia. Kwa hiyo palihitajika neno la pili, la kumtoa, ili mara mbili kwa siku Ghalia amvushe hadi wadini na kumrejesha. Alilifikiria sana neno hilo. Majirani wote walikuwa wakisema Kiarabu. Watoto wa barabarani wangeweza kumwita kwa *taal*, wakamhimiza kwa *yalla*, na mbwa akaenda zake. Alitaka ufunguo ambao hakuna mpita njia atakayekuwa nao mfukoni. Akachagua Kiswahili, neno alilolisikia kwa mama mkwe wake mara mia kwa siku, likivutwa Kiunguja namna ile ile: "Haaaya." Akisema hivyo, Doria huinuka, huvuka mawe, huenda.

Na watoto wa jirani walipomjaribu kwa maneno yao yote, hakunyanyua hata sikio. Ghalia alicheka siku ile mpaka akaona haya mwenyewe.

Mwezi ule ule msikiti ukafunguliwa.

*

Jumatano, baada ya alfajiri ile ya nne, Sheikh Mahrous wa msikitini alikuja. Alisimama nje ya mawe kwa kuwa hamna mwanamume nyumbani, akazungumza Kiarabu taratibu, uso kauelekeza pembeni. Alisema anajua wao ni watu wazuri. Alisema watu wamekwisha lalamika, si yeye aliyepeleka habari, lakini habari imefika, na gari itapita mtaani Jumamosi. Akamuangalia Doria aliyelala kivulini, akaomba kheri kwa mtoto, akaondoka.

Jioni Nadhir aliporudi alisikiliza yote, kisha akasema ni rahisi: mbwa atampakia Ijumaa, atamshusha jangwani njia ya Adam. Ghalia akamuuliza wale wa ng'ambo nani atawazuia Jumamosi jioni, na Jumapili, na siku zote mpaka fundi aje. Nadhir alipotoka kwenda kufunga gari aliwaona mwenyewe, saba, wamekaa kitako katikati ya wadi kwa mpangilio, wanaitazama nyumba. Akarudi ndani akamwambia mkewe, haya, muda ni wako mpaka Jumamosi.

Bi Raya yeye alikuwa na lake. Alimwambia Ghalia jikoni, kwa sauti ya chini, kwamba Unguja kuna mbwa ambao si mbwa, na kiumbe kinachojua wakati wa sala bila ya kufundishwa, mtu hakipi jina la Doria na kukilisha ngozi ya kuku. Ghalia alitaka kucheka ila hakikuja kicheko.

Alhamisi alasiri alikwenda kukaa juu ya ndoo kibarazani kabla ya wakati, akamtazama mbwa tu. Adhana ikaanza. Mwadhini alikuwa kijana mwenye sauti nzuri, mwenye kuvuta. Takbira: Doria kalala. Shahada: kalala, jicho moja limefumba. Ghalia alikuwa akiitika kimoyomoyo kila tamko, kama ada. Kisha mnara ukasema, *Hayyaaa alas-salaaa*, na Doria akainuka, bakuli likaburuzika, akavuka mawe, akaenda.

Ghalia alibaki juu ya ndoo, neno limemkwama mdomoni.

"Mama," alimuita Bi Raya. "Njoo. Njoo uniambie, wewe husemaje unapotaka nitoke?"

Bi Raya alipofahamishwa kwamba "hayya" ya mnara kwa mbwa ndiyo ile ile "haaaya" yake, alikaa chini, akaweka mkono kifuani, akasema astaghfirullah mara tatu. Halafu akaanza kucheka, cheko la uchovu, mpaka machozi.

"Kwa hiyo si shetani," alisema.

"Si shetani. Ni mimi."

*

Kulikuwa na adhana kumi kutoka hapo mpaka Jumamosi alasiri. Ghalia alizihesabu kwenye vidole.

Jambo la kwanza, lile neno likapigwa marufuku nyumbani. Ndipo walipojua limejaa kila mahali. Bi Raya alishindwa tangu saa ya kwanza: akimwambia Basma anawe mikono, limo, akimaliza simu, limo. Alinung'unika kwamba kazaliwa Malindi ya Unguja, kasema neno hilo miaka sitini kwa wakubwa na wadogo, leo ananyang'anywa kwa ajili ya mbwa. Na hata ukiliacha peke yake, linakuja limejificha. Maji haya. Mambo haya. Huyu mtoto hana haya. Kila mara Doria hunyanyua kichwa na Ghalia hukimbia na kiganja chake. Basma aliona ni mchezo mzuri kuliko yote aliyopata kuchezeshwa, akawa anamkamata bibi yake makosa na kumdai peremende.

Neno jipya la kumtoa likawa "Twende." Hilo alilishika upesi. Kuliondoa la zamani ndiyo kazi.

Magharibi ya Alhamisi Ghalia alisimama juu ya mawe, mbele yake kabisa, na mnara ulipotamka, Doria alimzunguka kama anavyozunguka mti. Isha vile vile. Alfajiri ya Ijumaa alisita, akamtazama usoni, akaenda. Ilimuuma Ghalia kumuona mnyama anachanganyikiwa: kafunzwa kwa upole miezi miwili kwamba neno hili ni ruhusa, sasa mkono ule ule unamwambia ni kosa. Adhuhuri alikaa, kwa ngozi tatu za kuku. Alasiri alikaa kwa moja. Nadhir aliondoka kwenda Adam akiwa kaona kwa macho yake, akambusu Basma, akamwambia mkewe labda mbwa atapona.

Jumamosi adhuhuri Ghalia alijificha nyuma ya mlango. Doria alisimama, akafika kwenye mawe, akageuka kumtafuta, akarudi kulala. Ghalia alitoka akamsifu na kumlisha, kisha akaenda jikoni akalia kidogo, peke yake.

Gari ilifika kabla ya alasiri. Pikapu nyeupe, nyuma imefunikwa turubali, na chini ya turubali kulikuwa kukidondoka damu. Dereva alikuwa mtu mzima asiyezungumza. Aliyeshuka alikuwa kijana mrefu, bunduki kaiegemeza mlangoni kama mtu anavyoegemeza ufagio, na alipoona Bi Raya kibarazani akasalimu kwa Kiswahili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mwana wa nani wewe?"

Alisema anaitwa Khalaf, kwao Ibra, lakini babu yake alikaa Mwanza na yeye kazaliwa huko. Bi Raya alimwambia ndiyo maana, kasikia Kiswahili kina vumbi la bara. Khalaf akacheka, meno mazuri. Akaomba maji ya kunywa. Ghalia alimpelekea gilasi mpaka kwenye mawe, na hapo ndipo alipoona kwamba kanzu yake, tangu magoti kushuka chini, ilikuwa na madoa ya kahawia, mengine bado mabichi.

Khalaf aliyatazama mawe, akamtazama Doria aliyelala kivulini, kaweka kidevu juu ya miguu yake.

"Huyu ndiye tuliyeambiwa," alisema. "Anakaa kweli?"

"Anakaa."

"Dada, mimi sina ugomvi na mbwa. Akiwa ndani ya mawe haya..."

Doria alinyanyuka.

"Kaa," alisema Ghalia. Lilitoka dogo, kavu. Mbwa alisimama, mguu mmoja hewani, akimtazama yeye, akimtazama Khalaf. Kisha akajishusha tena.

Khalaf hakufahamu kilichopita, ila aliona kitu. Alimalizia taratibu: akiwa ndani, basi ni mbwa wa watu. Akiwa nje, hata hatua moja, yeye ana kazi yake, na msimamizi atauliza kila mmoja. Wamekwisha piga tisa tangu asubuhi. Wataswali alasiri hapa, kisha watashuka wadini kuwatafuta wale wa jaa.

"Ataswali huyu," alijisahihisha, akimuonyesha dereva. Aliitazama kanzu yake. "Mimi siwezi, nguo zishachafuka. Nitamngoja kwenye gari."

Pikapu ikaenda kusimama mbele ya msikiti.

Adhana ilipoanza, Ghalia na Basma walikuwa wamesimama kibarazani, wameshikana mikono. Takbira. Shahada. Kule, Khalaf alikuwa kakaa pembeni mwa gari, bunduki mapajani, akiwatazama. Mnara ukatamka. *Hayyaaa alas-salaaa.* Sikio la Doria lilicheza. *Hayyaaa alal-falaaa.* Alivuta pumzi ndefu, akageuza kichwa upande wa pili, akalala.

Khalaf alinyanyua mkono kwa mbali, kama anayempongeza mtu.

Basma alirukaruka. Bi Raya, ambaye hakuwahi kumpa mbwa yule kitu kwa mkono wake, alitupa kipande kizima cha paja la kuku juu ya saruji na kwenda zake bila ya kusema. Ghalia alimwambia Basma akae kwenye ngazi, asivuke, amuangalie Doria, yeye anaingia kusali mara moja. Alitawadha polepole, maji ya tangi yalikuwa ya moto, na kila kiungo alichoosha alikishukuru. Kesho atamuandikia Nadhir. Kesho kutwa wale wa wadini watakuwa hawapo tena, na Basma atacheza.

Alitandika msala, akanuia, akafunga mikono.

Hapo mnara ukakohoa. Ilikuwa ikama, ile adhana fupi ya pili, inayowaambia waliokwisha fika wasimame safu. Ghalia alikuwa kaisikia kila siku tangu msikiti ufunguliwe, na hakupata kuifikiria hata mara moja, kwa sababu siku zile ikifika ikama Doria huwa keshaondoka zamani, na siku hizi tatu, adhana ikisha, yeye alikuwa akimfunika mbwa kwa sauti yake mwenyewe, akimsifu, akimlisha, mpaka ikama ikapita bila ya yeyote kuisikia. Hakumfundisha hiyo. Na leo hakuwako naye.

Takbira. Shahada. Mdomo wa Ghalia uliendelea na Alhamdu, lakini sikio lake lilikuwa limetoka chumbani. *Hayya alas-salaa*, mara hii fupi, ya haraka, kama mtu aliyechoka kungoja.

Bakuli halikulia. Alingoja lilie. Alikumbuka kwamba paja la kuku lilikuwa limelisukuma kando, karibu na ukuta, na njia ilikuwa nyeupe.

Alikata sala. Hakuwahi kufanya hivyo maishani mwake. Alipita sebuleni na mtandio umemwanguka mabegani, akafika kibarazani jua likampiga machoni. Kule mbali imamu alitoa takbira, na baada yake kukawa kimya, kimya cha sala ya alasiri, ambayo husomwa kwa siri. Kivulini palikuwa patupu. Basma alikuwa amesimama juu ya mawe meupe, vidole vya miguu vimegusa mstari sawasawa, havikuvuka, kiganja kakinyoosha mbele kama alivyomuona mama yake akifanya.

Aligeuka.

"Mama, Doria kaenda msikitini."